Dodoma ilipangwa na nani, na mbona kila kitu kiko mbali?

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Shikamoo mtaalamu. Nimehamishiwa Dodoma kikazi kutoka Dar mwaka jana, nakaa Nkuhungu, ofisi iko Mtumba, kila siku magari mawili kwenda na mawili kurudi. Naomba kuuliza, huu mji nani aliupanga? Maana ukitoka mtaa mmoja unapita kipori ndo unakutana na mtaa mwingine, na katikati ya mji sipaoni. Kuna kaka ofisini anasema ramani ilinakiliwa Brazil, kweli? Na kwa nini walichagua huku kwenye ukame wakati Morogoro ipo na maji yake? Mwisho, kuna kiwanja naonyeshwa Ihumwa, ninunue?"

Marahaba binti. Umeuliza mengi ila yote yanaanzia kwenye hicho kipori, kwa hiyo ngoja nianze hapo hapo. Hicho kipori kilichorwa. Kuna watu walikaa mezani na penseli wakaamua kwamba kati ya mtaa huu na ule pabaki wazi, na humo kwenye uwazi wakachora njia ya basi, basi lenye barabara yake peke yake, lipite kila mtaa mpaka maofisini. Mitaa ikajengwa, uwazi ukabaki, basi halijaja mpaka leo. Ndo maana unapanda magari mawili. Unaishi ndani ya nusu ya ramani.

Mi nimefanya upimaji na mipango miji miaka mingi, sehemu kubwa hapa hapa Dodoma, nimefukia bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, sehemu ambazo leo kuna maghorofa na zingine ambazo leo kuna mahindi, kwa hiyo nikianza kuuongelea huu mji huwa sinyamazi, utanivumilia.

Kwa nini Dodoma kwanza. Watu wanasahau kwamba hata Dar haikuwa makao makuu ya asili ya nchi hii. Ilianzishwa na Sultan Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, halafu Wajerumani waliokuwa Bagamoyo wakahamishia serikali yao Dar mwaka 1891 kwa sababu walitaka bandari ya kina. Yaani mji ulichaguliwa na watu waliofika kwa meli, na kwa mtu wa meli makao makuu lazima yawe pwani. Baada ya uhuru ikaonekana mambo yote yanaishia ukingoni mwa nchi, mtu wa Kigoma akitaka saini anasafiri siku kadhaa. Hoja ya kuhama ilifika Bungeni mwaka 1966 ikakataliwa, gharama. Ikarudi kupitia chama. Mwaka 1972 TANU iliuliza matawi yake nchi nzima, matawi 1,859, na 1,017 yakasema tuhame, 842 yakasema hapana. Angalia hizo namba vizuri, maana siku hizi inasimuliwa kama vile nchi nzima ilishangilia. Zaidi ya matawi mia nane yalikataa, na mi nadhani yalikuwa na hoja. Uamuzi wenyewe wa chama ukatoka tarehe 1 Oktoba 1973.

Sasa Morogoro. Morogoro ni pazuri, maji yapo, milima ipo, ila iko kama kilomita 190 tu kutoka Dar. Ukihamia Morogoro umehamia chumba cha pili cha nyumba ile ile, waziri analala Dar anaamkia kazini. Dodoma iko katikati kweli, reli ya kati inapita, na barabara ya kutoka Iringa kwenda Kondoa na Arusha inaikata reli hapo hapo. Reli ilifika 1910 na stesheni ndo iliyoifanya Dodoma ikawa mji, kabla ya hapo ni vijiji vya Wagogo. Halafu kulikuwa na siasa ya ujamaa, na huu mkoa ndo ulikuwa kwenye moto wake, Operesheni Dodoma ya 1971 ya kuhamishia watu vijijini, Mwalimu mwenyewe alikuja Chamwino akafyatua matofali na wanakijiji. Kuweka makao makuu kwenye mkoa wenye njaa, kwa wafugaji na wakulima wa mtama, ilikuwa ni kusema jambo. Lilisemwa kwa gharama lakini lilisemwa.

Ukame ni kweli na wapangaji waliuona. Mvua hapa ni kama milimita 570 kwa mwaka na karibu yote inadondoka kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka unasahau wingu linafananaje. Maji ya mji tangu zamani ni ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora kaskazini huko, na visima hivyo havikuchimbwa kwa ajili ya mji wa ukubwa huu. Wenyeji wana hadithi kwamba jina lenyewe linatokana na Idodomya, mahali palipodidimia, tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope. Wengine wanasema ni mikia ya ng'ombe wa wizi iliyochomekwa kwenye tope ili wenye ng'ombe wakija wadhani mifugo imezama. Mi naipenda ya mikia, ina akili. Ila hadithi zote mbili zina tope ndani yake, na hilo tope lipo kweli, mabonde ya huku yana udongo mweusi wa mbuga ambao masika unavimba na kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Ukijenga juu yake bila msingi wa maana, miaka miwili tu ukuta unachora ramani yake wenyewe. Changanya na vilima vya mawe upande huu, reli na uwanja wa ndege katikati, utaona kabisa kwamba hapa huwezi kumwaga mji kama uji kwenye sahani. Lazima uchague visahani.

Ndo tunafika kwa waliochora. Kaka yako wa ofisini amelenga Amerika sawa ila kapiga kusini badala ya kaskazini. Serikali ilianzisha CDA mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mkurugenzi mkuu akawa George Kahama, na kazi ya kuchora mpango kabambe wakapewa kampuni ya Toronto, Canada, inaitwa Project Planning Associates. Mpango ukatoka 1976. Bosi wa hiyo kampuni alikuwa Macklin Hancock, na huyo bwana alishajulikana kwa kitongoji kinaitwa Don Mills pembeni ya Toronto, alikipanga miaka ya 1950. Don Mills ni mitaa iliyogawanywa kila mmoja na shule yake, maduka yake katikati, na ukanda wa kijani kati yao. Unaona? Ukitaka ndugu wa damu wa Dodoma nenda huko, achana na Brazil.

Brasília ni kitu kingine kabisa, na ukiweka ramani mbili pamoja utacheka. Brasília ilichorwa na Lucio Costa, majengo makubwa ya Oscar Niemeyer, ikajengwa kwa miaka isiyofika minne ikazinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Ukiitazama kutoka juu ina umbo kama ndege, barabara pana za magari, uwanja mkubwa katikati na majengo yamesimama kama masanamu, ukiwa mtu wa miguu pale unajiona mdudu. Mpango wa Dodoma ulisema kinyume chake. Usijenge mnara wa kujisifu. Majengo yawe ya chini, yafuate vilima vilivyo. Mtu atembee, aendeshe baiskeli au apande basi, gari dogo liwe la wachache. Familia ipate pa kulima. Wazo lilikuwa makao makuu yawe kijiji kikubwa kati ya vijiji, kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba ni ya vijiji.

Sasa jinsi walivyolifanya hilo wazo kuwa mchoro, hapa ndo patamu. Walianza na nyumba kumi. Ile ile balozi wa nyumba kumi unayoijua, shina la chama, wao wakaifanya kuwa kipimo cha ujenzi, nyumba zinakusanywa kuzunguka eneo la pamoja zinaangaliana, barabara ya gari inaishia nje na ndani ni njia za miguu. Makundi yakiungana yanakuwa mtaa, mitaa ikiungana inakuwa jamii moja ya watu kama 28,000 hivi, na hiyo jamii inajitosheleza kwa shule, zahanati na soko. Halafu ndo unaweka jamii nyingine mbele, unaacha bonde au kilima katikati na miti, na ile njia ya basi inapita kuziunganisha kama uzi kwenye shanga. Kwenye mchoro inapendeza mno. Mi nimeiona ile ramani imetandikwa mezani, karatasi kubwa mpaka pembe zake zinabanwa na mawe kwa ajili ya upepo wa dirishani, na njia ya basi kila sehemu imewekewa mstari wake. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kazini alikuwa anaupitishia kidole ule mstari anasema hii ndo Dodoma, hizi nyumba ni mapambo. Sikumuelewa wakati ule.

Sasa ondoa basi. Shanga bila uzi. Kila jamii inabaki kisiwa, na kuruka kutoka kisiwa mpaka kisiwa unahitaji gari lako, au bodaboda, au magari mawili kama wewe. Mji uliopangwa kwa mtu asiye na gari ukawa unamtesa huyo huyo asiye na gari. Mpango wenyewe siulaumu sana, namlaumu anayetekeleza nusu yake, maana nusu iliyotekelezwa ilikuwa ile ya kutawanya.

Na hela ziliishia wapi? Angalia tarehe. Uamuzi Oktoba 1973, mwezi huo huo bei ya mafuta duniani ikaanza kupaa. Ukame wa 1973 na 1974, nchi inaagiza chakula. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, tukaanza kununua kila kitu chetu, ndege, reli, posta. 1978 Idi Amin akaingia Kagera, vita mpaka 1979. Kuhama kulitakiwa kuchukue miaka 10, na hiyo miaka 10 ndo hiyo hiyo niliyokutajia. Wanaijeria waliamua Abuja mwaka 1976, miaka mitatu baada yetu, wakahamia rasmi Desemba 1991. Wao kila pipa likipanda bei wanajenga, sisi kila pipa likipanda bei tunasimamisha kreni. Malawi nao walitoka Zomba kwenda Lilongwe 1975, ila Banda alikopa kwa makaburu wa Afrika Kusini, mlango ambao Mwalimu asingeugonga hata kwa dawa.

Katikati ya mji unayoitafuta nayo ilichorwa, sio kwamba walisahau. Miaka ya themanini mbunifu wa New York anaitwa James Rossant alipewa kuchora kitovu cha serikali, wizara na maeneo ya watu kukutana, njia za miguu zenye kivuli maana jua la hapa saa saba mchana halina utani. Hakikujengwa. Kwa hiyo kitovu ulichonacho ni mji wa zamani wa stesheni, na ule ukitaka kuusoma usome majina yake, Uzunguni, Uhindini, Majengo. Hapo umeshajua nani alikuwa anaruhusiwa kulala wapi enzi za mkoloni bila kufungua kitabu. Halafu toka nje kidogo unakuta Area A, Area C, Area D, hayo ni majina ya karatasi yaliyoganda midomoni, hakuna aliyewahi kukaa chini akaipa jina la kibinadamu. Kila nikimsikia mtoto anasema kwetu Area D nacheka, ni kama mtu kuitwa Fomu Namba Tano.

Miaka mingi Dodoma ilikuwa makao makuu ya msimu. CCM ilizaliwa Februari 1977 ikaweka makao makuu yake hapa, Bunge likahamia 1996, jengo lake la sasa likafunguliwa 2006, Chuo Kikuu kikaanza 2007 kule Chimwaga, ila wizara zilibaki Dar, na kikao cha Bunge kikianza V8 zinashuka kwa msafara, gesti zinajaa, bei ya chumba inapanda, kikao kikiisha mji unapumua. Halafu Julai 2016 Magufuli akatangaza, tunahama. Watu wakasema yale yale. Septemba mwaka huo huo Waziri Mkuu akawa kashahamia, Makamu wa Rais, ambaye ndo Rais wa sasa, akaja Desemba 2017, Magufuli mwenyewe Oktoba 2019. Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018 na baadaye mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kama makao makuu ya nchi. Yaani kwa miaka 45 tulikuwa na makao makuu kwa uamuzi wa chama na amri, sheria ilikuja mwishoni kama mahari ya mtu aliyeshazaa watoto watatu.

Mtumba ndo mtoto wa haraka hiyo. Wizara zilihitaji pa kukaa, ardhi ya wazi ilikuwepo kilomita 17 hivi kutoka mjini barabara ya Dar, majengo ya kwanza yakapanda ndani ya miezi michache na Mji wa Serikali ukazinduliwa Aprili 2019. Kama kazi, nawavulia kofia. Kama mpangaji nina donge. Mpango wa 1976 ulitaka ofisi ziwe karibu na watu, sasa tumechukua kisiwa kikubwa kuliko vyote, kile ambacho kila mtu anakwenda asubuhi na kutoka jioni, tukakiweka mwisho kabisa wa shanga upande wa mashariki, na wewe unakaa Nkuhungu upande wa pili. Kwa hiyo asubuhi mji mzima unamiminika upande mmoja na jioni unarudi upande mmoja, hata ungekuwa na basi lile la kwenye mchoro lingejaa kwenda na kurudi tupu.

Na wakati huo watu wameongezeka. Sensa ya 1978 mji ulikuwa na watu kama 45,000. Wale Wakanada walipanga mji wa watu 350,000 kufikia miaka ya 2000. Sensa ya 2022 imehesabu jiji watu 765,179. Barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato, maji ya kuvutwa kutoka mbali, hayo yote ni kukimbizana na hiyo namba. Treni ya SGR iliyoanza kuja Dodoma Julai 2024 imesaidia, Dar ni masaa matatu na nusu hivi, ila pia imerudisha ule ugonjwa wa zamani, Ijumaa jioni stesheni imejaa watumishi na vibegi wanaenda nyumbani.

Kiwanja sasa. Hapa kuna historia unatakiwa uijue kabla hujatoa hela. CDA ilikuwa mpangaji, mmiliki na mkodishaji wa ardhi yote ya makao makuu, yenyewe ina hati moja kubwa kutoka kwa Rais na mwananchi anapewa kipande kwa mkataba wa miaka 33. Watu waliichukia, na bomoabomoa ilikuwa nyingi, na waliokosa viwanja wakajijengea wenyewe kama Chang'ombe. Mei 2017 ikavunjwa na kazi zake zikaenda manispaa, ambayo sasa ni jiji. Mafaili yakahama, na mafaili yakihama unajua yanavyokuwa. Mi mwenyewe niliwahi kununua kiwanja hapa mjini, nimelipa, nina karatasi, nakwenda kuweka uzio namkuta bwana mwingine na karatasi ya namba ile ile, tena yake ina mhuri mzuri kuliko wangu. Mpima mzima na kazi yangu, nimeuziwa kiwanja chenye watu wawili. Ilinichukua miaka minne.

Kwa hiyo Ihumwa, ndio, nunua kama unafanya kazi Mtumba, nusu ya shida yako ya daladala itaisha. Ila usimpe dalali shilingi kabla ya haya. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya jiji ufanye upekuzi, ujue jina lililosajiliwa ni la nani na kama benki ina mkono wake humo. Omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo pamoja na ramani ya upimaji, uangalie matumizi yaliyoandikwa, maana Ihumwa kuna maeneo ya viwanda na ya reli na wewe unataka kulala. Nenda na mpima site akuonyeshe bikoni zote nne kwa kifaa, usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Chimba shimo la futi tatu uone udongo, ukikuta mweusi unaonata kama ugali wa mtama, punguza bei au ongeza bajeti ya msingi.

Na kitu kimoja dalali atakachokusifia, kwamba kiwanja kimekaa mbele ya eneo pana la wazi, upepo mzuri, mandhari. Muulize afisa ardhi hilo eneo la wazi ni la nini. Likiwa njia ya maji, masika utalijua. Likiwa hifadhi ya barabara, usipande hata mwarobaini humo, weka geti lako nyuma ya bikoni.